Mjusi akiugua huota jua: Anachotufundisha kuhusu homa ya mtoto

Kwenye miamba ya Mwanza na Serengeti, jua likianza kuchomoza, mijusi wale ambao madume yao wana vichwa vya waridi na miili ya buluu huwa bado wazito. Ukiwasogelea wanakimbia kwa kujikokota. Wamelala usiku kucha ndani ya nyufa za mawe, na miili yao imepoa kama mawe yenyewe. Wakitoka nje hawaendi kutafuta chakula kwanza. Wanajibandika juu ya jiwe, wanautandaza mwili uwe bapa, wanaugeuzia jua ubavu na kutulia.

Baada ya muda mjusi yule yule ni mwingine kabisa: mwepesi, macho makali, anarukia wadudu. Mchana jua likiwa kali utamwona amejiinua juu ya miguu ili tumbo lisiguse jiwe la moto, au ameingia kivulini. Jioni hewa ikipoa anarudi kulalia jiwe lenye joto la mchana. Ndivyo anavyoshinda: juani, kivulini, juani tena. Mamba naye hutoka majini kuota jua ukingoni, na akizidiwa na joto hurudi majini au hubaki ameachama mdomo. Kinyonga akiwa na baridi huufanya mwili uwe mweusi zaidi ili ule joto, kisha hujipausha akishatosheka.

Shuleni tulifundishwa kuwaita hawa wanyama wa damu baridi. Jina hilo linapotosha kidogo. Damu ya mjusi wa jangwani saa sita mchana inaweza kuwa na joto kuliko ya mtu aliyesimama kando yake. Tofauti yetu na yeye ni mahali joto linapotoka. Sisi tunalitengeneza wenyewe ndani ya mwili kwa kuunguza chakula, na sehemu kubwa ya ugali na maharage anayokula mtoto huishia katika kazi hiyo. Mjusi analichukua joto nje, kwa jua na kwa mawe. Ndiyo maana anatumia takriban sehemu moja tu ya kumi ya nishati inayotumiwa na mnyama anyonyeshaye wa uzito kama wake, na ndiyo maana mamba anaweza kukaa miezi bila kula wakati mtoto wako anadai uji kila baada ya saa tatu.

Lakini katika jambo moja mjusi na mtoto wanafanana sana. Wote wawili wana sehemu ndani ya ubongo, inayoitwa haipothalamasi, inayoamua mwili uwe na joto kiasi gani. Mfikirie kama fundi anayepanga kiwango. Kwa mtoto mzima wa afya fundi huyu hupanga karibu na nyuzi joto 37. Joto likishuka chini ya hapo, anaamuru misuli itetemeke na ngozi ijikaze. Likipanda, anaamuru jasho. Kwa mjusi amri zinakwenda miguuni: nenda juani, rudi kivulini.

Swali ambalo wanasayansi walijiuliza miaka ya 1970 lilikuwa hili: mjusi akiugua, fundi wake hufanya nini?

Katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mtaalamu wa fiziolojia aliyeitwa Matthew Kluger na wenzake walichukua iguana wa jangwani, mijusi wanaoishi katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico. Waliwaweka mahali penye upande wa joto kali na upande wa baridi, wakawaacha wachague wenyewe. Mijusi wazima walikwenda huku na huku wakaishikilia miili yao karibu na nyuzi joto 38. Kisha wakadungwa bakteria waliokwisha kuuawa, wale ambao huwaletea mijusi ugonjwa. Mijusi wakabadili tabia. Wakawa wanakaa zaidi upande wa joto, na miili yao ikapanda kwa takriban nyuzi 2.

Yaani mjusi alikuwa amejipandishia homa, kwa miguu yake mwenyewe. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1974.

Mwaka uliofuata walikwenda mbali zaidi. Safari hii waliwadunga bakteria hai, halafu wakawanyima mijusi nafasi ya kuchagua. Waliwagawa katika vyumba vya joto tofauti, kuanzia nyuzi 34 hadi 42, na kusubiri. Waliofungiwa kwenye vyumba vya baridi walikufa kwa wingi. Waliokuwa kwenye vyumba vya joto la homa wengi walipona.

Jaribio la tatu, la mwaka 1976, ndilo linalomgusa mzazi mwenye chupa ya dawa mkononi. Mijusi walioambukizwa walipewa dawa ya kushusha homa, ndugu wa karibu wa aspirini. Baadhi yao waliendelea kupandisha joto licha ya dawa, na hao walipona. Wale ambao dawa ilifanikiwa kuwazuia walikufa.

Hapa lazima tuende polepole, maana ni rahisi mtu kusoma aya hiyo na kwenda kumwaga dawa zote za nyumbani. Mtoto si mjusi. Hakuna ushahidi kwamba parasetamoli inayotolewa kwa kipimo sahihi inamzuia mtoto kupona, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri ipewe mtoto mwenye homa ya kuanzia nyuzi joto 38.5. Somo la mijusi liko kwingine. Kuota jua ukiwa mgonjwa ni hatari kwa mjusi, kwa sababu anaonekana wazi na mwewe yuko juu. Lakini anafanya. Mababu wa mijusi na mababu wetu waliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na bado pande zote mbili zinaugua kwa kupandisha joto. Samaki hufanya hivyo. Hata panzi mwenye maambukizi ya kuvu hupanda juani. Jambo lenye gharama kubwa namna hiyo lisingedumu kote huko kama lingekuwa kosa la mwili.

Kwa hiyo homa yenyewe siyo ugonjwa. Ni amri ya fundi: vijidudu vimeingia, pandisha kiwango.

Ukilielewa hilo, mambo mengi yanayotokea usiku wa homa yanaeleweka. Mtoto ana nyuzi 39, lakini anatetemeka na kulilia shuka. Mzazi anashangaa: anaungua, mbona anasikia baridi? Kwa sababu fundi ameshapandisha kiwango hadi, tuseme, nyuzi 39.5, na mwili kwa hesabu hiyo bado uko chini. Anatetemeka ili afike huko, kama mjusi anayekimbilia jiwe la moto. Baadaye homa ikivunjika na jasho likamwagika, maana yake fundi amekishusha kiwango, na sasa mwili unatafuta kivuli.

Sasa njoo kwenye beseni la maji. Nyumba nyingi, mtoto akichemka, jambo la kwanza ni kumvua nguo na kumkanda kwa maji baridi, au kumsimamisha bafuni. Nia ni njema kabisa. Lakini maji hayamfikii fundi. Yanapoza ngozi tu, wakati kiwango kule ubongoni kiko pale pale, kwa hiyo mwili unajibu kwa kutetemeka zaidi na kuunguza nguvu ambazo mtoto anazihitaji. Ni sawa na kumwondoa mjusi mgonjwa juani kwa nguvu: ukimwachia tu, anarudi. Miongozo ya sasa ya kutibu homa za watoto katika nchi kadhaa, Uingereza ikiwamo, haishauri kumkanda mtoto. Parasetamoli ni tofauti kwa sababu yenyewe hufanya kazi kule kule kwa fundi. Inazuia kemikali iitwayo prostaglandini, ambayo ndiyo inayopeleka ujumbe wa kupandisha kiwango.

Kosa la upande wa pili ni la bibi na shangazi. "Mfunike mwenzio atoe jasho," na mtoto anavalishwa sweta, soksi, kofia na blanketi juu, dirisha likafungwa. Huyo sasa amefungiwa juani bila kivuli. Nguo moja nyepesi inatosha. Akisikia baridi mpe shuka, akilitupa mwache.

Kuna hali moja ambayo maji ndiyo tiba, na ni vizuri kuitofautisha. Mtoto aliyeachwa ndani ya gari lililofungwa juani, au aliyecheza mchana kutwa kwenye joto kali hadi akaanguka, hana homa. Fundi wake hajapandisha chochote. Joto la nje ndilo lililomzidi nguvu. Mjusi aliyefungwa kamba juani hufa upesi kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hawezi kufika kivulini. Mtoto huyo ni wa kuvuliwa, kumwagiwa maji, kupepewa na kukimbizwa hospitali, na parasetamoli haitamsaidia kitu.

Turudi kwenye homa ya kawaida. Hofu kubwa ya wazazi ni kwamba homa itauunguza ubongo wa mtoto. Kwa homa inayotokana na maambukizi, fundi mwenyewe anaweka ukomo, na ni nadra joto kuvuka nyuzi 41. Kinachomdhuru mtoto mara nyingi ni kile kilichoileta homa: malaria, nimonia, homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya mkojo. Na hapa ndipo namba ya kipimajoto inapowadanganya wazazi wengi. Mtoto mwenye nyuzi 39.5 anayecheza na kunywa uji anaweza kuwa na mafua tu. Mwenye nyuzi 38.2 aliyelegea, hataki kunyonya na anapumua kwa haraka, huyo ndiye wa kukimbizwa.

Katika nchi yenye malaria, homa ya mtoto mdogo ipimwe siku hiyo hiyo au ndani ya saa 24. Tangu mwaka 2010 WHO imesisitiza kwamba anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Kipimo cha haraka kinachotumia tone la damu la kidoleni kinapatikana hata zahanati, na majibu hutoka ndani ya nusu saa hivi. Tabia ya kununua dawa mseto dukani kwa kukisia ina madhara mawili. Kama si malaria, ugonjwa wenyewe unaendelea bila tiba. Kama ni malaria, mtoto anaweza kupewa dozi isiyolingana na uzito wake. Na jambo ambalo wauguzi hulisema mara kwa mara: homa ikishuka baada ya parasetamoli, usiahirishe kupima. Umemnyamazisha fundi kwa saa chache, vijidudu viko pale pale.

Kuhusu dawa yenyewe, maneno machache. Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na si zaidi ya mara nne kwa siku nzima. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Chupa nyingi za maji zina miligramu 120 katika kila mililita 5, lakini zipo zenye nguvu zaidi, kwa hiyo soma lebo kila unaponunua na utumie kipimo kilichokuja na chupa, siyo kijiko cha chai cha jikoni. Ipewe pale mtoto anapoumwa au kusumbuka. Mtoto aliyelala vizuri hana sababu ya kuamshwa anyweshwe dawa eti kwa sababu kipimajoto kimesoma 38. Aspirini asipewe kabisa mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16 bila amri ya daktari. Inahusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini unashambulia ini na ubongo.

Maji na chakula vina uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Kila nyuzi moja ya homa huongeza matumizi ya nishati ya mwili kwa takriban asilimia 10. Mjusi analipiwa gharama hiyo na jua, mtoto anailipa kutoka mwilini mwake. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe uji, maji ya dafu, mchuzi, kidogo kidogo.

Na degedege? Watoto wachache, kati ya 2 na 5 katika kila 100, wenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano hupata degedege linaloletwa na homa. Macho yanageuka, mwili unakakamaa na kutikisika, na kwa mzazi dakika mbili hizo ni ndefu kama usiku mzima. Katika jamii zetu wapo wanaoamini kuwa degedege huletwa na dege au pepo, na kwamba sindano ya hospitali itamuua mtoto, kwa hiyo anapelekwa kwanza kwa mganga au anafukizwa. Imani hiyo imegharimu maisha, kwa sababu mtikisiko huo huo unaweza kuwa dalili ya malaria iliyopanda kichwani, ambayo haisubiri. Mlaze ubavu mahali salama, usimwekee kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, tazama saa, kisha nenda hospitali hata kama limekwisha na amezinduka. Degedege la homa peke yake kwa kawaida haliachi madhara. Lakini nyumbani huna namna ya kujua ni lipi.

Dalili nyingine ambazo hazingoji asubuhi: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au haamki vizuri, shingo imekakamaa, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, mkojo umekuwa mweusi kama kahawa, au viganja vimekuwa vyeupe.

Amebaki mtoto mmoja ambaye hesabu zote hizi hazimhusu, naye ni mtoto mchanga.

Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, ndiye binadamu aliye karibu zaidi na mjusi. Ana ngozi nyembamba, kichwa kikubwa kwa mwili wake, mafuta kidogo, na hajui kutetemeka kama mtu mzima. Fundi yupo lakini vifaa vya kazi havijakamilika. Joto lake analichukua nje, na jiwe lake la asubuhi ni kifua cha mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na upungufu wa mashine za kuwatunzia njiti joto, alianza kuwafunga watoto hao kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo tunaiita huduma ya kangaruu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo, ukilinganisha na kusubiri hadi hali itulie. Baba naye ana kifua, na kinafaa vile vile.

Kwa kuwa fundi wake bado ni mwanafunzi, mtoto wa chini ya miezi miwili akipata maambukizi makali anaweza kupanda joto, na anaweza pia kupoa. Wazazi hukesha wakitafuta homa, wakati huyu anazidi kuwa wa baridi, mkimya, mvivu wa kunyonya, na wanamsifu kwamba leo amelala vizuri. Kwa umri huo, kipimajoto cha kwapani kikisoma nyuzi 37.5 na kuendelea, au chini ya 35.5, hakuna parasetamoli ya nyumbani wala kusubiri kuone. Avuliwe abaki na nepi na kofia, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, khanga ifungwe juu yao wote wawili, wapande chombo cha kwanza kinachopatikana kwenda hospitali, naye aendelee kunyonyeshwa njia nzima.